Makosa ya Papa Anselme Niliyoyasahihisha Kimya Kimya

Nilipokabidhi funguo na aproni mwezi uliopita, mkuu wa ofisi aliniomba niwaachie kurasa chache ninyi mnaoanza kazi hii ya kuwasaidia wazee majumbani. Akaongeza kwamba ingependeza zikiwa za kutia moyo. Nimejaribu mara mbili, nikachana. Za kutia moyo wapo watakaoziandika. Mimi nitawaandikia juu ya mzee mmoja wa Ganshoren na historia ya Uingereza, kwa sababu katika miaka yote niliyozunguka Brussels na mfuko wangu wa kazi, hilo ndilo jambo ambalo nikilikumbuka naacha kula.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati sisi Wakongo bado tunaitwa Wazairwa. Nilikuwa nimetoka Bukavu na cheti cha ualimu wa shule ya msingi, ambacho hapa hakikumshtua mtu yeyote. Siku ya kwanza nilipelekwa mtaa wa Jette pamoja na Godelieve, Mbelgiji wa Kiflamandi wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Bibi tuliyekwenda kumwogesha hakutaka kushikwa na mtu asiyemjua, akanirushia sifongo la sabuni usoni. Godelieve hakucheka wala hakunipa pole. Alinipa taulo na kusema, "Vizuri, sasa mmejuana." Kazi ikaendelea.

Huyo Godelieve ndiye aliyenifundisha kazi. Pasha mikono yako joto kabla hujamgusa mtu. Bisha hodi hata kama ufunguo unao wewe. Usikae kitandani mwa mgonjwa, kitanda ndicho kiwanja pekee alichobaki nacho. Na daftari. Kila nyumba ilikuwa na daftari juu ya meza ya jikoni, na tuliandika humo kabla ya kuondoka: amekula nini, amelalaje, amekataa nini, kitu gani kimebadilika. Daktari alilisoma, muuguzi alilisoma, watoto wa mzee walilisoma wakirudi kutoka kazini. Kama hapakuwa na jipya tuliandika kwa Kifaransa "rien à signaler", hakuna la kutaarifu. Godelieve aliyachukia maneno hayo. Alisema hakuna mzee anayepita siku nzima bila kubadilika hata kidogo, ila yupo msaidizi anayewahi basi.

Baada ya miaka minne hivi ofisi ikanipa anwani ya Ganshoren, kwenye ghorofa moja karibu na ile barabara kubwa inayoelekea nje ya mji. "Ni Mzairwa mwenzako," waliniambia, "mtaelewana." Papa Anselme alikuwa mtu wa Lubumbashi. Kutoka Bukavu hadi Lubumbashi ni mbali kama kutoka hapa hadi kusini kabisa mwa Ufaransa, lakini ramani ya pale ofisini ilikuwa ndogo. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mjane, amepita miaka sabini, magoti yamekwisha na mikono inatetemeka. Aliishi na binti yake Georgette, muuguzi katika hospitali kubwa ya Jette, ambaye alitoka asubuhi na mapema na kurudi jioni. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpa chai, kwenda dukani na kuandaa chakula cha mchana.

Siku ya pili nilikuwa namenya viazi, akaja na fimbo yake mpaka mlangoni mwa jiko.

"Maman Yvette, banasema ulikuwa mwalimu kule kwenu."

"Ndiyo, papa. Ya école primaire tu."

"Bon. Na mwandiko yako iko muzuri?"

"Iko inasomeka, papa."

"Alors, viazi vitangoja kidogo," akasema, akaweka mbele yangu daftari nene la jalada la buluu.

Alikuwa anaandika historia ya Uingereza kwa Kiswahili. Msicheke, mimi nilicheka mwenzenu, kwa siri, nikifuata chumvi kabatini. Nilimwuliza kwa nini Uingereza, sisi ambao hata malkia wao hatukuwahi kumpigia makofi. Akanieleza bila haraka, kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, ambacho ua wanauita lupango.

"Mu shule balinifundisha historia ya Babelge. Kiisha mimi nikafundisha batoto ile serikali ilitaka. Ya Baingereza hakuna muntu alinituma. Ninaiangalia sawa vile muntu anaangalia ndoa ya jirani juu ya lupango. Sina ndugu mule, donc naweza kusema kweli."

Basi ikawa hivyo. Nilimwogesha upesi, nikaweka sufuria motoni, halafu saa nzima, wakati mwingine saa moja na nusu, yeye alisema na mimi niliandika. Vitabu vya Kiingereza nilimwazimia maktaba mjini, nikivibeba katika kigari cha soko pamoja na vitunguu. Alivisoma mchana kwa kioo cha kukuzia, na asubuhi alinipa alichokipata. Kanuni za ofisi hazikuruhusu kazi za karani. Lakini kanuni hizo hizo zilitaka tumchangamshe mzee, nami niliegemea hapo.

Sikutegemea kwamba nitaipenda. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilianza kusoma vile vitabu kwenye basi nikirudi kwangu Saint-Josse, kamusi mapajani, na mara mbili nilipitiliza kituo. Kilichonishika ni namna papa alivyowaingiza wale watu nyumbani kwetu. Kwa mfano yule mfalme mwenye wake sita. Wazungu wanamwandika kama mtu wa ajabu. Papa aliona mara moja kwamba mke wake wa kwanza alikuwa mjane wa kaka yake. "Alirithi mwanamuke wa mukubwa wake, sawa kwetu," alisema, "kiisha miaka makumi mbili anasema Mungu anakataza. Mbona siku ya ndoa Mungu alikuwa ananyamaza?" Tuliandika sura nzima juu ya hilo, na ukiisoma unaona kwamba Kanisa la nchi nzima liligeuzwa kwa sababu ya ugomvi ambao wazee wetu wangeumaliza kwa mbuzi wawili na vikao vitatu. Na kaisari mmoja wa siku zile, ambaye barabara kubwa ya pale Ganshoren inaitwa kwa jina lake, papa alinionyesha kwamba ni yeye aliyekataa mama yake mdogo afukuzwe, maana yule mke wa kwanza wa mfalme alikuwa mdogo wa mama yake mzazi. Tangu siku hiyo nilipokuwa nangoja basi kwenye barabara ile, nilijiona kama nangoja mbele ya nyumba ya mtu ninayemfahamu.

Halafu kulikuwa na wale watoto wawili wa mfalme waliofungiwa mnarani, wasionekane tena. Vitabu vilisema aliyewafungia na kuchukua kiti alikuwa ndugu wa mzazi wao, basi. Papa alikataa kuandika mpaka ajue ni ndugu wa nani. Kama ni mjomba, ni jambo moja. Kama ni ndugu wa baba, huyo ni baba yao, na kitabu hakiwezi kupita juu juu. Nilibeba vitabu wiki mbili mpaka tukampata: mdogo wa baba yao. Papa alivua miwani. "Donc ni baba njo alipoteza batoto," alisema, yaani baba ndiye aliyewapoteza. "Andika vile. Baba mudogo." Sijawahi kufundishwa somo la historia lililonikaa kama lile, na nililifundishwa nikiwa nimevaa glavu za kuoshea vyombo.

Sura moja tu alikuwa anaiahirisha. Ni ile ya wakulima walioandamana mpaka London kumwona mfalme, na mfalme mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kumi na minne. Aliwapa karatasi za ahadi, wakarudi makwao wamefurahi, kisha karatasi zikafutwa na viongozi wao wakanyongwa. Kila nilipomkumbusha, alisema bado.

"Ile ninaiweka mwisho, maman. Siku moja mimi na balimu benzangu tulisimama mbele ya bureau ya mukubwa, kule kwetu. Balitupatia karatasi. Tuliimba mu njia. Kesho yake karatasi haikuwa tena na maana, na rafiki yangu mbili balifungwa, hatukubaona tena. Sijapata kuiandika ile. Nikiandika ya bale bakulima, nitakuwa nimeiandika. Mais lazima niiandike vizuri. Nataka kichwa izoee kwanza."

Basi mjue kwamba hicho ndicho alichokuwa anakiendea. Kurasa zote za wafalme zilikuwa kumpasha moto tu. Mimi nilijua hilo, hakuna wa kusema sikuambiwa.

Karibu na Pasaka ya mwaka ule ambao nchi yetu ilibadilishwa jina, papa aliniandikisha kwamba mke wa kwanza wa yule mfalme aliuawa kwa shoka. Sivyo. Wa kwanza alifukuzwa, akafa kwa ugonjwa katika nyumba aliyowekwa. Aliyekatwa kichwa ni wa pili. Papa ndiye aliyenifundisha hayo. Nilisimamisha kalamu, nikamtazama. Alikuwa ametulia, anaendelea. Nikaandika "wa pili".

Nilijiambia ulimi umeteleza. Wiki iliyofuata akasema wale watoto wa mnarani walifungiwa na mjomba wao. Mjomba, baada ya wiki mbili za kubeba vitabu. Nikaandika "baba mdogo". Nilipomaliza kumsomea ukurasa, kama tulivyofanya kila siku kabla sijaondoka, alipiga meza kwa kidole, ameridhika.

"Voilà. Magoti imekwisha, mikono imekwisha, lakini kichwa ingali iko."

"Iko, papa," nikasema.

Kisha nikaenda jikoni, nikafungua lile daftari la ofisi, nikaandika: amekula mkate na yai, ameoga, rien à signaler.

Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu nanyi mtafika hapo. Kama angekuwa mzee wa Kibelgiji ningesema. Ningesema kwa upole, ningeandika kwenye daftari, daktari angepiga simu. Lakini huyu alikuwa papa. Umri wa baba yangu, mwalimu wa walimu, ananichukulia kama mwanawe. Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba amekosea, hasa baba aliyekuwa anajua kuliko wote chumbani. Unainamisha kichwa, unafunika. Nililelewa hivyo na niliona ni heshima. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili sikuwahi kumwambia mtu ofisini: nilikuwa nazipenda zile asubuhi. Nilijua nikiandika mstari mmoja kwenye lile daftari, ataletewa madaktari, ratiba itabadilika, na mimi nitarudi kwenye viazi. Nilikuwa nailinda saa yangu moja ya furaha, nikaipa jina la adabu.

Kutoka Pasaka mpaka Novemba nilisahihisha. Mwanzoni kosa moja kwa wiki, kisha moja kwa siku, kisha nikawa naandika ukurasa mzima kutoka kichwani mwangu na vitabuni, huku yeye akizungumza mambo mengine. Nilikuwa nimekuwa hodari. Na kila asubuhi nilimsomea, na kila asubuhi alisikia kwamba hajakosea.

Mwezi huo Georgette na familia za Lubumbashi waliandaa mkutano katika ukumbi wa parokia kule Saint-Josse, baada ya misa, ili papa awasimulie vijana. Nilimpelekea daftari la buluu mpaka mbele. Akalisukuma pembeni.

"Hapana lazima ya cahier. Kila siku unanisomea, kila siku iko sawa."

Alianza vizuri sana. Sauti ya darasani ilirudi, watoto wakanyamaza. Kisha wake wa mfalme wakaanza kubadilishana zamu. Watoto wa mnarani wakafungiwa na mjomba. Halafu mmoja wa wale watoto akawa Barthélemy, na Barthélemy alikuwa kaka yake papa mwenyewe, aliyefariki zamani kule Likasi. Papa akauliza ukumbi mzima, kwa hasira ya kweli, ni nani aliyemfungia Barthélemy na kwa nini hakuna aliyekwenda kumfungulia. Vijana wawili wakacheka. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Oh, papa anachanganya." Papa alisikia. Akanitafuta kwa macho kati ya viti vyote vile. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Jumatatu nilimkuta amekwisha kuvaa peke yake, vifungo vimepishana, ameketi mezani na daftari la buluu.

"Soma," akasema. Nikasoma ukurasa wa wale watoto.

"Baba mudogo. Mimi njo nilisema vile?"

"Hapana, papa."

"Nilisema nini?"

"Ulisema mjomba."

"Na weye ukaandika ingine. Tangu wakati gani?"

"Tangu Pâques, papa."

Alihesabu miezi kwa vidole, polepole, kama anahesabia wanafunzi.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Papa, mimi ningekukatalia namna gani? Weye unaweza kunizaa."

"Nilifundisha miaka makumi tatu na tano," akasema. "Kila siku nilikosoa batoto ya bantu. Ile njo heshima nilikuwa nabapa. Weye ulininyima." Akafunga daftari. "Ungeniambia ku Pâques, ningeandika ya bakulima kwanza."

Nililia, na hakunibembeleza. Hakuwa na sababu ya kunibembeleza. Wiki ile hakunipa neno hata moja la kuandika. Nilipokuwa napika, nilimsikia chumbani akijaribu kuandika mwenyewe. Kalamu ilianguka, aliitafuta, ikaanguka tena. Niliokota mara moja tu, akasema asante kwa Kifaransa bila kuniangalia. Katika kurasa zile kulikuwa na mstari mmoja na nusu unaosomeka: wakulima walitoka asubuhi, na walikuwa wengi.

Ijumaa Georgette alinisubiri mlangoni na koti lake la kazini.

"Maman Yvette, papa anaomba mutu mwingine. Anataka mutu hajui Kiswahili. Anasema mutu ule atamwambia vile iko."

Nikasema nimeelewa.

"Mimi ni infirmière," akaendelea. "Kule hospitali ninaona bagonjwa ya bantu yote. Papa yangu nilikuwa namusoma mu cahier yako. Miezi saba, rien à signaler. Nilikuwa na congé, likizo ya kuchukua, maman. Ningekaa naye."

Ofisi ilimpeleka Mreno mmoja mchangamfu, wakanihamishia kwa wengine. Kwa miaka iliyofuata niliandika kila kitu katika madaftari, mpaka wauguzi wakalalamika kwamba naandika gazeti. Wazee wa kwetu niliwaambia usoni, na baadhi yao walinichukia, na wawili waliniomba niwasaidie kuandika wosia wakiwa bado na akili zao. Sisemi hayo ili mnisifu. Niliyajifunza kwa mtu ambaye hayakumsaidia.

Daftari la buluu analo Georgette. Limejaa mwandiko wangu, safi, na hakuna anayeweza kujua wapi ni papa na wapi ni mimi. Ukilisoma utadhani mzee yule hakukosea hata siku moja maishani. Ile sura ya wakulima nimejaribu kuiandika mwenyewe, najua karibu kila kitu kilichoandikwa juu yao. Lakini mimi sikusimama mbele ya ofisi ile wala sikuimba njiani, na inatoka kama kazi ya mwanafunzi.

Nilikwenda kumwona mara moja, miaka miwili baadaye, katika nyumba ya wazee. Georgette alikubali. Papa alikuwa amekonda, amenyolewa vizuri, ameketi karibu na radieta ya kupasha chumba joto. Hakunijua. Lakini alipenda kupata mgeni, akaniuliza kama nimesoma historia ya Baingereza. Nikasema kidogo. Akafurahi, akanisogezea kiti, akaanza kunisimulia juu ya yule mfalme aliyemrithi mjane wa kaka yake, vizuri, kwa mizaha yake ile ile, mpaka akafika pale, akasema mjane yule alikatwa kichwa kwa shoka.

Nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba sitamfunika tena.

"Sivyo, papa," nikamwambia. "Ule wa kwanza hakuuawa. Alikufa na ugonjwa mu nyumba. Aliyekatwa ni wa pili."

Akashusha mikono yake mapajani, akaiangalia inavyotetemeka, akaifunika mmoja kwa mwingine kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Kisha akainua uso, kwa adabu kubwa, kama mtu anavyomtazama asiyemfahamu.

"Pardon, madame," akasema. "Sikujua."